Namna tulivyotengeneza sakafu ya bafu, na kwa nini hatukuhama

Leo hatuandiki juu ya safari wala juu ya makaratasi. Tunaandika juu ya sakafu ya bafu. Atakayesema ni kitu kidogo, ahesabu kwanza nyumba anamolala ina bafu ngapi na watu wangapi.

Yetu ina bafu moja. Ni nyumba ya kupanga hapa Makindye, Kampala, vyumba vitatu na sebule. Mchana sebule ni darasa la Kiingereza na la kushona, usiku ni pa kulala wageni. Tangu vita ilipoingia Goma Januari 2025 wageni hawajakatika: mmoja analala siku mbili akingoja ndugu yake, mwingine miezi miwili akingoja karatasi. Wakati wa habari hii tulikuwa watu 19, na sita kati yao walikuwa wasichana waliofika bila mzazi wala mjomba. Hao sita ndio tuliowafikiria mama mwenye nyumba alipokuja asubuhi moja, akasimama mlangoni akakataa kiti, akatuambia mwisho wa mwezi tuwe tumetoka.

Shida ilikuwa maji. Nyumba yetu na ya jirani zimeshikana ukuta, na upande wa pili wa ukuta wa bafu letu ndipo analala mama jirani na watoto wake wawili. Ukuta wake ulikuwa umelowa mpaka urefu wa goti, rangi imevimba na kudondoka, godoro la watoto limeanza kuota ukungu. Mama jirani hakutupigia kelele. Alimwita tu mwenye nyumba aje aone. Na mwenye nyumba alipoona, akatugeukia sisi: "Nyinyi watu wa Congo munamwaga maji mingi sana. Mumeharibu nyumba yangu." Pesa ya dhamana tuliyoweka tukiingia, akasema, ndiyo itatengeneza ukuta.

Sasa, maji tunamwaga, ndiyo. Bafu kazi yake ni hiyo. Lakini maji ya bafu yana njia yake, yanatakiwa kwenda kwenye tundu, si kwenye godoro la watoto wa mtu. Tulijua yanapita wapi. Grauti ya sakafu, ile simenti laini inayojazwa katikati ya karo na karo, ilikuwa imepasuka karibu yote. Mahali pengine ilikuwa imetoka kabisa, unaweza kuchomeka sarafu ikasimama. Na si kwamba hakuna aliyejaribu. Mara mbili mwenye nyumba alituma fundi, mara mbili fundi alipaka grauti mpya juu ya ile ya zamani, akafuta, akapokea pesa, akaenda. Ya kwanza ilidumu kama wiki tatu. Ya pili haikumaliza hata hizo.

Tukaandika barua kwa shirika moja linalotusaidia na mafunzo. Jibu lilikuja kwa adabu: bajeti iko ya mafunzo na ya vyoo vipya, ya matengenezo haiko. Hapa tuseme neno moja kwa ninyi mnaofanya kazi huko, na tunalisema kwa heshima. Tumeona vyoo vipya vingi vikifunguliwa kwa utepe na picha. Baada ya miaka miwili karo zimeng'oka, mlango umeanguka, na hakuna aliye na shilingi ya kununua bawaba. Kujenga kuna bajeti, kutunza hakuna. Sisi tunaobaki na choo tunaonekana hatujui kutunza. Tumemaliza, turudi kwenye sakafu.

Kuna baba mmoja wa kwetu anayeishi Katwe, sisi tunamwita Papa Fundi. Kazi ya ujenzi aliijifunza Goma akiwa kijana, miaka ile baada ya lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, mji ulipokuwa unajengwa upya juu ya mawe meusi na kila mtu aliyeweza kushika mwiko alikuwa na kazi. Tulimwomba aje aangalie tu. Alikuja na begi dogo, akavua viatu, akaomba tuzime redio.

Hakuangalia nyufa. Alichukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga karo kwa mpini, moja baada ya nyingine, kuanzia mlangoni. Sakafu yetu ni mita 1.5 kwa 2.1, karo za sentimita 30, kwa hiyo ni karo 35. Aligonga zote 35. Nyingi zilitoa sauti fupi, kama kugonga jiwe. Nyingine zilitoa sauti ya ndani kwa ndani. "Batoto, musikilize," akasema. "Hii iko inalia sawa ngoma. Chini haina kitu." Mwenzetu mmoja akazitia alama ya chaki. Zilikuwa tisa: tano chini ya bomba la kuogea, tatu karibu na mlango, moja peke yake kwenye kona.

Kisha akatuambia tukanyage karo ya alama na tutazame pembeni yake. Kwa jicho la kawaida haisogei. Lakini aliweka tone la maji juu ya ufa, mmoja wetu akakanyaga, na tone likaingia ndani, akatoa mguu, likarudi juu na povu. Tulirudia kama mara kumi, si kwa sababu hatukuamini, ilikuwa inapendeza tu.

Basi hiyo ndiyo habari yote ya grauti kupasuka, ao angalau ya sakafu yetu. Grauti ikishakauka ni ngumu kama jiwe jembamba, haijui kupinda. Karo ikiwa imekaa juu ya simenti iliyojaa, haisogei, na grauti inadumu miaka. Karo ikiwa na uwazi chini, kila mguu unaishusha kidogo sana, unene wa unywele, na watu 19 asubuhi na jioni ni miguu mingi. Unaweza kujaza grauti ya dhahabu, itapasuka. Na ikishapasuka maji yanaingia, yanajaa kwenye ule uwazi, yanatafuta njia. Njia yake ilikuwa kwa mama jirani.

Siku ya Jumatatu tukaanza. Kwanza tulitoa grauti ya zamani kuzunguka zile karo tisa, kisha kwenye sakafu nzima. Ukitaka kujua kazi ya kweli iko wapi, iko hapa. Kupaka grauti mpya ni saa moja, kutoa ya zamani ilituchukua siku nzima watu wanne kwa zamu, magoti juu ya magunia. Chombo tulichotumia ni kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika. Vijana wa Katwe wanaofua vyuma walitukunjia ncha yake kama kucha, wakatufungia mpini wa mpira wa tairi, kwa elfu mbili. Grainda ingekwenda haraka, lakini Papa Fundi alikataa kuitia mkononi mwa anayejifunza, juu inateleza na kukata uso wa karo. Ni lazima uchimbe mpaka chini, angalau theluthi mbili za unene wa karo. Mafundi wale wawili wa kwanza hawakuchimba hata kidogo, na ganda jembamba juu ya ganda bovu halina pa kushika.

Tulivaa barakoa na glavu. Vumbi la simenti na mchanga wake si la kuvuta, linakaa kwenye mapafu, na simenti mbichi inakula ngozi polepole. Mtu hasikii maumivu mchana, anasikia usiku.

Karo tisa zikang'olewa. Ukishatoa grauti pembeni, unaingiza tindo bapa kwa kuilaza, unagonga taratibu kutoka upande mmoja, hauchimbi kutoka juu. Sita zilitoka nzima. Tatu zilivunjika. Na zile sita kutoka nzima si kwa ufundi wetu, zilikuwa hazijashikwa. Chini ya kila moja tulikuta madonge matano ya simenti, pembe nne na katikati, kama mtu aliyeweka chapati ndogo. Kati ya madonge ilikuwa maji meusi, nywele, na harufu ambayo hatutaieleza kwa sababu wengine mnasoma mkila.

Papa Fundi akasema tusiguse kitu, tumwite mama mwenye nyumba kwanza.

Alikuja na hasira yake ya juma lililopita, akakuta bafu limefumuliwa, na hasira ikaongezeka. Papa Fundi alimsalimia kwa Kiganda, akainua karo moja akaigeuza, akamwonyesha mgongo wake. "Mama, tazama. Huyu fundi alikuibia wewe, si hawa watoto. Alikula simenti yako." Mama akaitazama ile karo muda mrefu. Akauliza zingine ziko hivyo. Tukamwonyesha zote tisa. Akasema yule fundi alimlipa pesa yote, na simenti alinunua mifuko mwenyewe, na alishangaa wakati ule kwamba imekwisha haraka. Kisha akaomba kiti.

Hatutaki kumfanya mtu mbaya hapa. Ni mjane, nyumba hizi mbili ndizo shamba lake. Aliambiwa na watu kwamba wakimbizi wanajaa kumi ndani ya chumba na kuharibu, akaja akaona ukuta umelowa, akaunganisha. Lakini pia hatutaki kusema maneno yale hayakuuma. Yaliuma. Mmoja wa wale wasichana sita alikuwa ameacha kuoga kabisa siku tatu ili asiwe yeye anayemwaga maji. Tulilijua hilo baadaye, kutoka kwa wenzake.

Tukapatana siku hiyo hiyo, yeye amekaa, sisi tumesimama na glavu. Sisi kazi na vifaa vya sasa. Yeye arudishe nusu ya pesa ya vifaa kwa kuipunguza kwenye kodi ya mwezi unaofuata, dhamana isiguswe, na habari ya kuhama iishe ukuta ukikauka. Tulimwomba tuandike. Hapa wengi wetu tunaona haya, tunaogopa kuandika na mwenye nyumba ni kama kumwambia hatumwamini. Lakini kodi yetu inapita shilingi 500,000, na sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mapatano ya kodi ya kiasi hicho yawe ya maandishi, kwa hiyo daftari lilikuwepo tayari. Tuliongeza mistari minne tu chini ya ukurasa. Akatia sahihi, nasi tukatia, mama jirani akawa shahidi.

Vifaa vilikuwa hivi: mfuko wa kilo 20 wa gundi ya karo, pakiti ya kilo 2 ya grauti, tyubu ya silikoni, sponji mbili, glavu na barakoa. Jumla 64,000. Wenzetu 13 walitoa 5,000 kila mmoja, ikabaki 1,000, ikanunua sabuni. Kilo mbili za grauti kwa sakafu ndogo kama hii zilitosha na kubaki, usikubali duka likuuzie tano. Karo tatu zilizovunjika tulizipata kwenye mabaki ya jengo moja, za kahawia, wakati sakafu yetu ni nyeupe. Ziko karibu na mlango. Kuna anayesema zinaharibu na kuna anayesema ni mapambo, ubishi huo haujaisha.

Kilichotushinda karibu ni kungoja. Chini ya karo palikuwa pamelowa, na gundi haishiki juu ya maji. Kijana mmoja alileta jiko la makaa alitie ndani afunge mlango, pakauke upesi. Papa Fundi alimfukuza nalo. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua, na yanaua bila kukohoza, mnajua familia zilizolala hivyo hazikuamka. Tukaazima feni, tukafungua dirisha, Jumanne na Jumatano zikapita hivyo. Alhamisi tukasafisha madonge ya zamani, tukapaka gundi yote chini, tukaichana kwa mwiko wa meno, tukapaka na mgongo wa karo kidogo, tukaibana na kuizungusha mpaka ikae. Ya kwanza Papa Fundi aliing'oa tena mbichi ili tuone: mgongo wote ulikuwa umeshika gundi, hakuna doa jeupe. "Hii njo kazi," akasema. Ijumaa hakuna kukanyaga. Jumamosi grauti. Jumapili, Jumatatu, Jumanne hakuna maji. Jumatano ndipo mtu aoge.

Hesabu mwenyewe: siku tisa, watu 19, bafu moja, limefungwa. Tunaamini kabisa kwamba mafundi wawili wa kwanza hata wangefanya kila kitu sawa wangeshindwa hapa, kwa sababu mara zote mbili watu walioga jioni ile ile. Grauti haikauki kwa maombi. Simenti inahitaji muda wake ishikane, ukiimwagia ndoo ya maji ya sabuni ikiwa na saa sita, umeiosha.

Aliyetuokoa ni mama jirani. Huyu ambaye godoro lake lilikuwa nje juani kila siku kwa ajili ya maji yetu. Alisema wasichana waje kwake, saa kumi na moja alfajiri kabla watoto wake hawajaamka, na jioni saa moja. Kila mmoja na bido yake ya maji, hakuna kutumia ya kwake. Kwa siku tisa walikwenda kwa foleni na ndala zao, na siku ya tatu tukasikia wanacheka huko. Mmoja wao akaanza kumsukia binti wa mama jirani nywele. Sisi wavulana tulifunga shitingi kati ya mti wa parachichi na ukuta wa nyuma, tukaogea hapo usiku kwa beseni. Mvua ilinyesha usiku wa pili, ikatusaidia kazi.

Jumamosi ya grauti, kwa mshangao wetu, alikuja yule dada wa shirika aliyetuletea jibu la bajeti. Siku yake ya mapumziko. Hakuja na kamera. Alisema bajeti hawezi kuibadilisha lakini ndoo anaweza kubeba, akabeba ndoo za maji safi asubuhi nzima na kufua sponji. Tunaliandika ili lihesabiwe.

Grauti yenyewe alipaka mwenzetu wa Uvira, msichana, mmoja wa wale sita. Hakuwahi kushika mwiko. Papa Fundi alimchagua kwa kumwangalia anavyopika bugali, alisema mkono wake unajua uzito. Na kweli grauti ni jambo la uzito. Unatia maji kwenye ndoo kwanza, kisha unga kidogo kidogo, unakoroga mpaka iwe kama siagi ya karanga, si uji. Wengi wanapenda uji kwa sababu unateleza na kuingia haraka. Lakini maji yaliyozidi yatatoka yakiwa hewa na kuacha matundu, grauti inanywea, inapata nyufa kama tope la barabarani jua likiwaka, hata kama karo chini ni imara. Ukishakoroga unaiacha itulie kama dakika kumi, unakoroga tena, huongezi maji. Ikianza kukauka ndani ya ndoo, itupe. Ni vigumu kwetu kutupa kitu, tunajua.

Alilowesha nafasi kwa sponji iliyokamuliwa, ili karo kavu zisinyonye maji ya grauti, lakini maji yasisimame. Kisha akasukuma grauti kwa kibao cha mpira, akienda kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Ukienda sawa na mstari, kibao kinachota ulichojaza. Alibana kwa nguvu mpaka nafasi ikakataa kupokea. Baada ya kama dakika ishirini, grauti ikiwa imeanza kuwa nzito, akafuta kwa sponji yenye unyevu tu, mara moja, anageuza upande, anafuta tena, anasuuza. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanamwaga maji waone karo ziking'aa upesi, na rangi yote ya juu inaondoka. Yeye hakuharakisha. Kijana mmoja alimwambia "dada, ongeza maji kidogo itakwenda," akamjibu bila kugeuka, "kaka, uende ukaongeze kwenye chai yako." Tangu siku hiyo hakuna aliyemshauri.

Mstari mmoja hatukujaza grauti: ule unaozunguka, sakafu inapokutana na ukuta. Sakafu na ukuta havisogei pamoja, jua likipiga ukuta unapanuka kivyake, na kitu kigumu hapo kitapasuka tu. Pale tuliacha wazi, tukasafisha, na Jumanne jioni pakiwa pakavu kabisa tukajaza silikoni, ambayo inavutika, tukaipitishia kidole chenye maji ya sabuni. Iliponea mpaka kesho yake mchana. Tunadhani nusu ya maji ya mama jirani yalipita hapo.

Kuna tusichotengeneza. Sakafu ile ilijengwa bila mteremko wa kutosha. Ingefaa ishuke kama sentimita moja na nusu kwa kila mita kuelekea tundu, yetu upande wa mlango ni bapa kama meza. Kuirekebisha ni kufumua zote 35, na hatuna pesa hiyo wala mwenye nyumba hana. Kwa hiyo tumenunua mpira wa kusukumia maji, umening'inizwa kwenye msumari, na kila anayeoga anasukuma maji kwenye tundu kabla ya kutoka. Wavulana wanasahau. Na ile asidi ya kusafishia choo tumeitoa bafuni, kwa sababu inakula grauti kama inavyokula mdomo wa kopo. Sabuni ya kawaida na brashi vinatosha.

Ukuta wa mama jirani ulichukua karibu majuma matano kukauka. Tuliweka mstari wa penseli kila Jumapili pale unyevu ulipofika, na mistari ikashuka, mmoja chini ya mwingine, mpaka ukafika sakafuni. Mwenye nyumba alikuja, akatazama ile mistari, akaweka kiganja chake ukutani. Kodi ya mwezi ule alitukata 32,000 kama tulivyoandika. Habari ya kuhama hakuitaja tena, na sisi hatukumkumbusha.

Wasichana sita wako bado, isipokuwa mmoja aliyepata shangazi yake Nakivale. Huyu wa Uvira sasa anakwenda na Papa Fundi kazini siku tatu kwa juma na analipwa kwa siku. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na hili tunaliandika kwa wale wanaofika na kuogopa kutafuta. Wenzetu walioko Nyarugusu wanajua kwamba si kila nchi iko hivyo.

Wiki iliyopita mama mwenye nyumba alipiga simu. Bafu la mama jirani nalo limeanza kupasuka grauti, nadhani mnajua ni fundi gani alilijenga. Anauliza tunafanya kwa bei gani. Mwenzetu wa Uvira amekwenda kugonga: karo 35, zinazolia ni 14. Bei tumemwandikia, amepunguza kidogo, tumekubali. Na safari hii mama jirani na watoto wake ndio watakuja kuogea kwetu. Tunaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Anayetaka kujifunza aje na glavu zake, magunia ya kupigia magoti tunayo.